Hospitali isiyomkataa mtu: kesi ya miaka 11 iliyoamuliwa Brussels

Tarehe 5 Julai 2016, Tume ya Ulaya ilimaliza kesi iliyokuwa mezani kwake kwa karibu miaka 11. Ilitamka kwamba fedha zilizotolewa na mamlaka za Brussels kuzisaidia hospitali za umma za jiji hilo zilitolewa kihalali. Tume ina makao yake makuu katika jengo la Berlaymont, katikati ya eneo linaloitwa kwa Kifaransa Quartier européen, yaani Mtaa wa Ulaya. Waandishi wa habari hawakosekani hapo, kwani kila siku ya kazi, adhuhuri, wasemaji wa Tume husimama mbele yao kujibu maswali. Lakini zilikuwa zimepita siku 12 tu tangu Waingereza wapige kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, na maswali mengi yaliihusu London.

Uamuzi ule ulistahili kusomwa kwa makini. Uligusa swali ambalo kila nchi yenye hospitali za umma na za binafsi hukutana nalo: hospitali yenye wajibu wa kumpokea kila mtu, mwenye fedha na asiye nazo, itashindana vipi na ile isiyobebeshwa wajibu huo? Na serikali ikiijazia hasara yake, hiyo ni haki au ni upendeleo?

Tiba ilitangulia siasa

Mtaa huu uliijua tiba kabla ya kuwajua makamishna na wabunge. Mwishoni mwa karne ya 19, tajiri wa viwanda Ernest Solvay na daktari Paul Héger walifanya Bustani ya Leopold, iliyo mtaani humo, kuwa makao ya taasisi za sayansi ya tiba. Mwaka 1935 likafunguliwa humo humo jengo la kliniki ya meno kwa fedha za George Eastman, Mmarekani mwanzilishi wa kampuni ya kamera ya Kodak, aliyegharimia kliniki za aina hiyo katika miji kadhaa ya Ulaya. Kliniki ya Brussels ilijengwa kwa ajili ya watoto wa familia zisizojiweza. Katika chumba chao cha kusubiri, mchoraji Camille Barthélemy alichora kutani hadithi za wanyama za La Fontaine, ili mtoto anayengoja kung'olewa jino apate cha kutazama.

Msanifu wa jengo hilo, Michel Polak, ndiye pia aliyesanifu Résidence Palace, majumba ya kifahari yaliyojengwa mtaani hapo katika miaka ya 1920 kwa ajili ya matajiri. Leo kliniki ya meno imekuwa Nyumba ya Historia ya Ulaya, makumbusho yaliyofunguliwa Mei 2017. Résidence Palace nayo ina kituo cha waandishi wa habari wa kimataifa, na ubavuni mwake limesimama jengo ambamo viongozi wa nchi za Umoja wa Ulaya hukutana. Huduma kwa watoto wa maskini imeondoka, sera na habari zimebaki.

Madeni ya hospitali za umma

Ubelgiji iliweka msingi wa bima ya lazima ya afya kwa sheria ya Desemba 1944. Mwananchi hujiunga na chama cha bima, humchagua daktari amtakaye na hospitali aitakayo, iwe ya umma au ya binafsi. Hospitali za binafsi ndizo nyingi, na nyingi kati yake hazitafuti faida, zikiwa na chimbuko katika mashirika ya Kikatoliki. Zile za umma zilikuwa mikononi mwa manispaa na ofisi zao za ustawi wa jamii. Moja ya hospitali kongwe za Brussels ni Saint-Pierre, iliyoanza katika zama za kati kama nyumba ya wakoma.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 1990, hospitali za umma za Brussels zilikuwa zimezama katika madeni. Mwaka 1995 mamlaka za jiji zilipitisha sheria ya kuzipanga upya, na ukazaliwa mtandao uitwao IRIS wenye hospitali tano: Saint-Pierre, Brugmann, Hospitali ya Watoto ya Malkia Fabiola, hospitali ya saratani yenye jina la Jules Bordet, mshindi wa Nobel ya tiba wa mwaka 1919, na Iris Sud yenye matawi kadhaa. Nyuma yake zilisimama manispaa sita: Jiji la Brussels, Anderlecht, Etterbeek, Ixelles, Saint-Gilles na Schaerbeek. Mtaa wa Ulaya wenyewe umekalia ardhi ya manispaa tatu kati ya hizo. Kwa mujibu wa sheria ya hospitali ya Ubelgiji, hospitali ya umma ikipata hasara, manispaa huijazia. Hospitali ya binafsi hubeba hasara yake yenyewe. Hapo ndipo mgogoro ulipoanzia.

Miwani, meno na nyonga

Wakati huohuo, sheria za soko la pamoja la Ulaya zilikuwa zikiingia wodini. Tarehe 28 Aprili 1998 Mahakama ya Ulaya ilitoa hukumu mbili kwa siku moja. Katika kesi ya Decker, raia wa Luxembourg alikuwa amenunua miwani Arlon, mji wa Ubelgiji ulio jirani na mpaka. Katika kesi ya Kohll, baba alitaka binti yake anyooshwe meno Trier, Ujerumani. Decker alinyimwa malipo kwa sababu hakuwa amepata kibali kabla ya kununua, na Kohll alinyimwa kibali chenyewe. Mahakama iliwapa ushindi wote wawili, ikasema huduma ya afya haitoki nje ya uhuru wa soko la Ulaya kwa sababu tu hulipiwa na bima ya jamii.

Mwaka 2001 Mahakama iliugusa pia ulazwaji hospitalini, ingawa ilikubali kwamba serikali inaweza kudai kibali kwanza ili isivuruge mipango yake ya vitanda na vifaa. Mei 2006 ikaja kesi ya Watts, mgonjwa wa Uingereza aliyechoka kusubiri upasuaji wa nyonga akaenda kutibiwa Ufaransa kwa fedha zake. Mahakama ilisema foleni peke yake haitoshi kuwa sababu ya kumnyima mgonjwa kibali, ikiwa muda wa kungoja umepita kiasi kinachokubalika kitabibu.

Serikali za Ulaya ziliingiwa na hofu. Mkataba wa Ulaya unaziachia nchi wanachama kazi ya kupanga na kuendesha huduma za afya. Sasa zikaona kesi za mgonjwa mmoja mmoja zinabadilisha sera ambazo mabunge yao hayajazijadili.

Hospitali zafichwa nyuma ya fundi bomba

Januari 2004 Kamishna Frits Bolkestein alitoa pendekezo la sheria ya kufungua soko la huduma Ulaya nzima, na huduma za afya zilikuwamo. Tarehe 19 Machi 2005 makumi ya maelfu ya watu waliandamana Brussels kulipinga. Nchini Ufaransa, ambako kura ya maoni juu ya Katiba ya Ulaya ilikuwa imekaribia, vyombo vya habari vilimpata mhusika mkuu wa hadithi: fundi bomba kutoka Poland, atakayekuja kufanya kazi kwa bei ya chini na kuwanyima Wafaransa ajira.

Fundi huyo alipamba kurasa za mbele kwa miezi. Suala la hospitali, lenye uzito zaidi kwa maisha ya watu, lilibaki kwa wataalamu na wabunge. Februari 2006 Bunge la Ulaya liliziondoa huduma za afya katika pendekezo lile. Juni mwaka huohuo mawaziri wa afya walikubaliana juu ya maadili manne ya mifumo yao: huduma kwa wote, ubora, usawa na mshikamano. Haki za mgonjwa anayevuka mpaka ziliwekewa sheria yake mwaka 2011.

Kasoro hii ya uandishi wa habari za afya ipo hadi leo, na si ya Ulaya peke yake. Habari yenye sura ya mtu hukimbia. Habari yenye sura ya hesabu hukaa kwenye faili.

Malalamiko ya 2005

Mwaka 2005, vumbi la Bolkestein likiwa bado halijatua, vyama viwili vya hospitali za binafsi za Brussels vilipeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya. Hoja yao ilikuwa kwamba hospitali za IRIS zinapewa ruzuku inayovuruga ushindani, kinyume cha mkataba. Nao walikuwa na hoja ya kusikilizwa. Hospitali zao hazikuwa maduka ya afya, kwani hazikutafuta faida, zilipokea wagonjwa wa bima ileile na kuhudumia dharura. Waliuliza kwa nini manispaa ijaze pengo la jirani na kuliacha la kwao.

Kipimo cha kisheria kilikuwa kimetokana na kesi ya mabasi. Mwaka 2003, katika kesi ya kampuni ya Altmark ya Ujerumani, Mahakama ya Ulaya iliweka masharti manne ya malipo ya serikali kutohesabiwa kuwa ruzuku. Wajibu wa umma uandikwe wazi; hesabu ya fidia ijulikane mapema; fidia isizidi gharama; na mtoa huduma apatikane kwa zabuni, au gharama zake zilinganishwe na za kampuni inayoendeshwa vizuri. Mwishoni mwa 2005 Tume ilitoa kanuni zilizolegeza masharti hayo kwa hospitali.

Oktoba 2009 Tume iliamua kwamba malipo kwa IRIS hayana tatizo, bila kufungua uchunguzi rasmi. Upande wa hospitali za binafsi ukaenda kwenye mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg, na tarehe 7 Novemba 2012 uamuzi huo ukafutwa. Mahakama haikusema ruzuku ni haramu. Ilisema kulikuwa na mashaka ya kutosha, hivyo Tume ilipaswa kuchunguza kwa kina kabla ya kuamua: wajibu wa ziada wa hospitali hizi umeandikwa wapi, na fidia yake inakokotolewaje?

Mwaka 2014 Tume ilifungua uchunguzi rasmi. Uamuzi wa 2016 ulijibu yale yaliyoulizwa. Ulitaja mambo matatu ambayo IRIS ilibebeshwa zaidi ya hospitali nyingine. Kwanza, kumtibu kila mgonjwa wakati wowote, bila kujali uwezo wake wa kulipa, hata pasipo dharura. Pili, kutoa huduma zote za msingi katika matawi yaliyotawanyika jijini, hata kama kuzikusanya mahali pamoja kungekuwa nafuu. Tatu, kuwa na huduma za ustawi wa jamii kwa wagonjwa na familia zao. Kwa kuwa fidia haikuzidi gharama za wajibu huo, malipo yalikuwa halali.

Matonge, mwendo mfupi kwa miguu

Anayetaka kujua kama wajibu huo una maana atembee kutoka Bunge la Ulaya hadi Matonge, mtaa wa Ixelles wenye jina lililotoka Kinshasa. Kilingala ndicho kinachotawala masikioni, lakini Kiswahili cha Bukavu, Goma na Lubumbashi nacho kimo. Kati ya Waafrika waishio Brussels wako wasio na karatasi za ukaazi, na kwa hiyo wasio na bima.

Sheria ya Ubelgiji haiwaachi mikono mitupu. Amri ya kifalme ya Desemba 1996 inawapa haki ya matibabu yanayoitwa ya haraka, ambayo yanajumuisha pia kinga. Mgonjwa huenda ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa anakoishi, hali yake huchunguzwa, daktari huthibitisha kwamba anahitaji tiba, kisha gharama hulipwa na serikali. Lakini mgonjwa haumwi kwa ratiba ya ofisi. Yule ambaye faili lake halijakamilika anahitaji mlango wa hospitali ambao sheria imeukataza kufungwa.

Somo kwa Afrika Mashariki

Swali la Brussels tunalo nyumbani. Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba haki za wanawake waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa bili zilivunjwa. Hospitali ya umma ilikuwa na wajibu wa kupokea, bila fedha za kuubeba wajibu huo, na mzigo ukamwangukia mama aliyetoka kujifungua.

Tanzania ilipiga marufuku hospitali za kibiashara kwa sheria ya mwaka 1977, ikazirudisha mwaka 1991. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali kadhaa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake. Magazeti yaliandika sana kuhusu mvutano ule. Lakini Tanzania hiyohiyo ina mfano mzuri wa miaka mingi: hospitali teule za wilaya. Pale ambapo wilaya haina hospitali ya serikali, hospitali ya kanisa hupewa jukumu hilo kwa mkataba, na serikali huchangia gharama na watumishi. Hapo anayelipwa ni anayebeba wajibu, awe wa umma au wa binafsi.

Huo ndio msingi ambao Brussels iliufikia kwa kuzunguka miaka 11. Hospitali zishindane kwa ubora, kwa usafi, kwa lugha nzuri mapokezini. Zisiachwe kushindana kwa kuwakwepa maskini. Serikali inayotaka mlango mmoja usiofungwa kamwe iandike wajibu huo katika sheria, itenge fedha zake, na iweke hesabu mezani ili jirani anayelalamika ajibiwe kwa tarakimu. Na sisi tunaoandika habari za afya tuzifuatilie tarakimu hizo kila bajeti inaposomwa, bila kungoja siku ambayo hospitali itagoma au mama atazuiliwa wodini.