Msuli, si mshipa
"Mshipa umenikaza," husema kijana wa Olasiti akishika shavu la mguu baada ya kukimbia. Mshipa ni wa kupitisha damu. Kilichokaza ni msuli, na neno hilo tunalo, tulitumie. Tazama mnofu wa ng'ombe uliochemshwa ukaiva: unachambuka nyuzinyuzi. Kila uzi unaouona ni fungu la seli ndefu, na ndani ya kila seli zimepangana nyuzi nyembamba za aktini na nene za miosini. Neva ikiamuru, kalsiamu humwagika, miosini huishika aktini na kuivuta. Nyuzi zenyewe hazifupiki, hupishana tu. Msuli ndio unaofupika. Nao huvuta, hausukumi. Kwa hiyo unaokunja goti una mwenzake wa kulinyoosha.