Safu ya Lugha: Diski Isiyo na Kisahani

Maduka ya kompyuta siku hizi yanatangaza “diski ya SSD isiyokufa”. Tangazo hilo lina makosa mawili. Kwanza, ndani ya SSD, kifaa cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta, hamna diski. Neno “diski” tumelipata kwa Kiingereza, na asili yake ni diskos ya Kigiriki, yaani kisahani cha kurushwa michezoni. Jina liliifaa diski ngumu: ile ya IBM ya mwaka 1956 ilikuwa na visahani 50, na za leo bado zina visahani vinavyozunguka chini ya kichwa cha kusomea. SSD ni chipu tupu. Iite hifadhi ya chipu.

Kosa la pili, “isiyokufa”, ni zito zaidi. Kiswahili kinatenga kuchakaa na kuharibika. Kitu huchakaa kidogo kidogo kwa kutumika, kama soli ya kiatu. Kuharibika huweza kuja ghafla. SSD huchakaa kwa kuandikiwa, maana kila seli ya kuhifadhia data ndani ya chipu ina kikomo cha kufutwa na kuandikwa upya. Samsung 870 EVO ya terabaiti 1 ina dhamana ya miaka 5 au terabaiti 600 za kuandika, lolote litakalotangulia. Kwa mtu wa barua na picha, hizo haziishi upesi. Ama kuharibika, diski ngumu ikianguka wakati inafanya kazi, kichwa huweza kukwaruza kisahani na mafaili yakapotea. SSD haina kichwa wala kisahani, hivyo hilo haliipati; lakini nayo huharibika saketi yake ikiungua, tena bila kuaga. Wauzaji, andikeni “hustahimili mtikisiko”, mfute “isiyokufa”.