"Wabara warudi kwao": Likoni '97 na maneno ya kampeni

Kampeni zikianza tu, lazima kuna mheshimiwa atapanda juu ya gari hapa Likoni, ama Kisauni, ama Changamwe, aseme "watu wetu wanaonewa". Shangwe! Mimi huskiza kinachofuata. Anataja jambo ama anataja watu?

Hili swali sikulitoa chuoni (chuo nilishaacha). Nimelitoa Likoni, Agosti 1997. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Usiku wa tarehe 13, vijana wenye silaha walivamia kituo cha polisi, wakaua polisi 6 na kubeba bunduki zaidi ya 40. Kisha wakageukia raia: Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu. Vipeperushi vikawaambia wabara waondoke. Zaidi ya watu 100 wakafa, kama laki moja wakahama. Uchaguzi ulikuwa Desemba, na wabara wengi huku walihesabiwa kuwa kura za upinzani. Tume ya Jaji Akiwumi ikachunguza, serikali ikaikalia ripoti hadi 2002.

Inayoniuma ni kwamba malalamiko yalikuwa ya kweli. Mtu amezaliwa kwa shamba, babu yake kazikwa pale, halafu anaitwa skwota. Kazi nazo anaziona zikipita. Shida yake hakudanganywa. Alidanganywa jibu.

"Nani alitoa hatimiliki hii, lini, kwa sheria gani?" Hilo unaweza kulipeleka kotini, bungeni, ofisi ya ardhi, na mtu akakupinga mkabishana hadi asubuhi. Sasa "wabara warudi kwao", mama muuza mboga pale karibu na feri akujibu nini? Hana hoja ya kuleta, ana begi la kufunga tu. Na yule mkubwa aliyegawiwa ploti za baharini, ajabu, hatajwi kabisa.

Kuna wanaoitia "Pwani si Kenya" ya MRC kwenye kapu hilohilo. Mimi nakataa kidogo. Wale walikuja na karatasi: mkataba wa 1895 wa Sultani wa Zanzibar na Waingereza, makubaliano ya London ya Oktoba 1963. Karatasi unaweza kuisoma ukasema hapana bana, hamkuielewa. Serikali iliwapiga marufuku 2010, na Julai 2012 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. Hayo ni mabishano ya watu huru, hata kama hukubaliani nao. Shida ni ile kauli yenyewe. Maneno matatu, ikifika maskani mikataba yote imepotea njiani, imebaki nani wetu na nani si wetu. Na waliojibu "Pwani ni Kenya" halafu wakanyamaza hawakufanya kazi yoyote pia.

Angalia shamba la Waitiki, ekari 930 hapahapa Likoni, lililovamiwa baada ya vurugu za '97. Karibu miaka 20 mizima lilikuwa mtaji wa wanasiasa. Mwishowe serikali ikalinunua, Januari 2016 hatimiliki zikaanza kutolewa, na kila mkaazi akaambiwa alipe Sh182,000. Watu wakawaka: kwa nini tulipe, na hesabu hiyo imetoka wapi? Kelele kweli, lakini sasa kulikuwa na namba, na kulikuwa na mtu wa kuulizwa.