Matabibu Waliopita Chini ya Vilima Vyetu

Sisi wa Kasulu na Kibondo tumezoea kuanza habari za kanisa letu kwa kuitaja Ujiji, kana kwamba kila mjumbe wa Injili aliyefika ziwani alipanda na huku kwetu. Sivyo ilivyokuwa. Katika zama za Malkia Victoria madaktari, mabaharia na wahandisi walifika hadi ukingo wa Buha, lakini wengi wao walipita chini, upande wa Malagarasi na chumvi ya Uvinza.

Sababu moja ilikuwa hongo. Mwaka 1871 Stanley, akimtafuta Daktari Livingstone, alikata njia kupitia Buha. Wakubwa wa nchi wakamtoza nguo, huyu akimaliza anaanza yule, hata akaona heri kutoroka usiku na msafara wake kimya kimya. Hatuwalaumu wazee wetu. Mgeni mwenye bunduki na marobota akipita katika nchi ya watu, alipe. Ila sifa hiyo ilienea, na misafara ikaiogopa milima.

Huko Uingereza taaluma zilikuwa zimepata heshima mpya. Sheria ya 1858 ilianzisha daftari la madaktari, ili waliosomea kazi hiyo wajulikane na wale waliojitangaza wenyewe wajulikane. Watu wa namna hiyo, wenye ujuzi uliothibitishwa, ndio Chama cha Misioni cha London kilichowataka pamoja na wachungaji. Edward Hore, aliyefika Ujiji mwaka 1878, hakuwa mchungaji bali baharia. Alipima ziwa na kuchora pwani zake. Mwenzake Thomson alifariki Ujiji mwaka huohuo. Dodgshun alifika mwaka 1879, akazikwa baada ya siku chache tu. James Roxburgh, mhandisi, alikuja kuunganisha vipande vya meli iliyoitwa Habari Njema. Meli ilishushwa majini mwaka 1885, naye akafa mwaka huohuo.

Daktari Southon ndiye anayetugusa zaidi. Alikaa Urambo kwa Mirambo, akatibu watu, akawa rafiki wa mtemi yule aliyeogopwa kote. Mwaka 1882 bunduki ya mtumishi wake ilifyatuka kwa bahati mbaya, ikamvunja mkono. Yeye aliyekuwa tabibu wa wote hakuwa na tabibu. Mkono ulikatwa, lakini hakupona.

Tukiishia hapo tutadhani kazi ya uganga wa kisasa katika nchi hizi za ziwa ilikuwa ya Wazungu waliokufa mapema. Lakini yupo Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi tunayoiita leo Mali, akaibwa mtoto na kuuzwa utumwani. Mapadri Weupe walimkomboa huko Algeria, na Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea uganga. Alifika Karema, kusini mwa ziwa, mwaka 1889. Hakuja kama mchungaji wala padri, bali katekista na tabibu. Alioa huko, na mwanawe akawa padri.

Kuna watu kanisani wanaosema kwamba daktari wa misioni alikuwa chambo tu: watu waje kwa dawa, wabaki kwa mahubiri. Maisha ya Atiman hayakubali hesabu hiyo. Mtu anayefunga vidonda vya wengine kijiji kilekile kwa miaka 67, mwenyewe akiwa ameonja mnyororo, havui samaki. Paulo alipomtaja Luka kwa Wakolosai alimtaja kwa kazi yake, tabibu, wala hakuona haja ya kuongeza cheo kingine.

Kwetu milimani tabibu alichelewa. Hospitali ya Kabanga na ile ya Heri ni matunda ya karne ya 20, wakati Southon alikuwa kaburini zamani. Mama wa Heru au Muhambwe aliyeshindwa kujifungua mwaka 1885 alikuwa na mkunga wa kijiji na dawa za mitishamba, basi. Daktari wa karibu alikuwa mwendo wa siku nyingi, na njia yake ilikuwa imekwepa vilima vyetu.

Atiman alifariki Karema mwaka 1956. Wakati huo Kigoma ilikwisha kuwa jimbo kwa miaka mitatu.