Macho Mekundu: Kipimo Kilichoua Bibi Zetu Kanda ya Ziwa

Wapenzi wa katuni za Kijapani mnaijua Parasyte. Viumbe wanaingia duniani kimyakimya, wanakula kichwa cha mtu, wanakaa mahali pake, halafu wanaendelea na maisha kama kawaida. Hitoshi Iwaaki alianza kuichapisha mwishoni mwa miaka ya 1980, ikawa anime 2014, na 2024 Netflix wakaleta toleo la Korea Kusini. Kinachotisha ni kwamba jirani yako anaweza asiwe mtu. Ila kuna kipimo: mng'oe unywele mmoja. Ukijinyonganyonga wenyewe, huyo si binadamu.

Sasa njoo kwetu Mwanza. Huku nako watu waliamini wana kipimo. Kilikuwa macho mekundu.

Usukumani hofu ya wachawi, balogi kwa Kisukuma, ni ya siku nyingi. Stori ni ileile: mnachota maji kisima kimoja, mnasalimiana kila asubuhi, eti usiku anageuka kitu kingine. Mtoto akifa ghafla au ng'ombe wakipukutika, familia inaenda kupiga ramli. Mganga wala hana haja ya kutaja jina. Anasema tu ni mwanamke, mzee, yuko jirani, macho mekundu. Mkirudi nyumbani kila mtu ameshajua anasemwa nani.

Sheria ilikuwepo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ya enzi za mkoloni, inatumika mpaka leo, na kumtangazia mtu uchawi ovyo ni kosa. Haikuzuia kitu. Miaka ya 1970 watu waliokuwa wakiishi mbalimbali walihamishiwa vijijini, nyumba zikasogeleana, na wivu na tuhuma navyo vikasogeleana. Kati ya 1970 na 1984 waliuawa nchini zaidi ya watu 3,000 kwa tuhuma za uchawi. Wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ni Mwanza na Shinyanga. Wauaji walikuja usiku na mapanga, wengine wamekodiwa kabisa. Na mara nyingine nyuma ya uchawi kulikuwa na shamba la mjane ambalo ndugu wanalitaka.

Macho je? Usukumani miti ilikatwa sana, kuni zikawa shida. Watu wakapikia mabua na mavi ya ng'ombe makavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Kaa kwenye moshi ule miaka 40 uone macho yako yatakuwaje. Yaani kile kipimo kilikuwa hakimkamati mchawi, kilikuwa kinamkamata aliyewapikia.

Hofu haikuishia kwa bibi. Watu wenye ualbino nao walisemwa eti si watu, eti hawafi bali wanatoweka. Kuanzia 2007 hivi Kanda ya Ziwa iliwinda viungo vyao kwa ajili ya dawa za utajiri. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni kwa ajili yao, na Septemba mwaka huohuo mahakama iliyokaa Kahama ikawahukumu kifo watu 3 kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli.

Kama hujamaliza Parasyte, ruka aya hii. Karibu na mwisho askari wanavamia ofisi za jiji wakiwa na mashine inayowaona viumbe kweli. Wanamuua na meya, wakiamini ni mmoja wao. Kumbe alikuwa mtu kama wao.

Wale walikuwa na mashine inayofanya kazi, bado wakaua binadamu. Sisi tulikuwa na moshi tu.

Kwa hiyo ukienda kijijini ukamkuta bibi ana macho mekundu, mpe shikamoo yake, halafu muulize anapikia nini.