Moyo unaopiga ovyo, na historia ya dawa zake

Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba, ukae kimya kitambo kidogo. Utasikia mshipa unagonga kwa mwendo mmoja, kama mama mzoefu anayetwanga. Lakini wako watu ambao mshipa wao haufuati mwendo. Unagonga mara mbili upesi, unakawia, kisha unagonga tena mbio mbio, mara kwa nguvu, mara hafifu. Waganga wa hospitali wanauita ugonjwa huo fibrilasyo. Maana yake ni hii: vyumba viwili vya juu vya moyo havikazi tena pamoja, bali vinatetemeka tu kama jani katika upepo, na vyumba vya chini vinapokea amri bila utaratibu.

Mwenye ugonjwa huo huhema akipanda mlima, huchoka upesi, husikia moyo ukiruka kifuani. Wengine hawasikii neno lolote. Akifika kwa mganga, ataelezwa dawa za namna nyingi, tena ataulizwa yeye mwenyewe anapendelea njia gani. Swali hilo ni gumu. Historia inaweza kumsaidia kulijibu, kwa sababu waganga nao walitembea njia ndefu, na kwa muda mrefu walikuwa wakitazama mahali ambapo hatari kubwa haipo.

Mama mzee na majani yake

Tuanzie Uingereza. Mwaka 1775 mganga William Withering aliulizwa maoni yake juu ya dawa ya kienyeji. Mama mzee mmoja wa Shropshire alikuwa akisaidia watu waliovimba maji miguuni na tumboni, hata wale walioshindwa na waganga wenye vyeti. Dawa yake ilikuwa mchanganyiko wa majani ya namna zaidi ya 20. Withering hakumdharau. Alichungua mchanganyiko ule, akatambua kwamba nguvu imo katika mmea mmoja tu, uitwao dijitali. Akaujaribu kwa miaka 10, akiandika waliopata nafuu na walioumizwa, na mwaka 1785 akatoa kitabu. Humo aliwaonya watu: kipimo kikizidi, mgonjwa hutapika, huona vitu vyote kwa rangi ya manjano au ya kijani, na moyo hupunguza mwendo mpaka mtu afe. Jani linaloponya ndilo hilo linaloua. Tofauti ni kipimo.

Leo waganga wanadhani kwamba wengine kati ya wagonjwa wale walikuwa na fibrilasyo. Dijitali hainyoshi mpigo wa moyo, lakini inazuia mbio zake, moyo ukapata nafasi ya kujaa damu. Dawa itokayo katika mmea huo ingali inatumika.

Ugonjwa wapata sura

Miaka zaidi ya 100 ikapita bila mtu kujua sababu ya mpigo ule wa ovyo. Katika mji wa Burnley, mganga James Mackenzie alitumia chombo kinachoandika juu ya karatasi mipigo ya mkono na ya shingo kwa wakati mmoja. Akaona kwamba kwa wagonjwa hao alama ya vyumba vya juu imepotea kabisa. Huko Leiden, Uholanzi, Willem Einthoven alitengeneza mashini ya kuandika umeme wa moyo, na mwaka 1906 alitoa picha ya mpigo huo. Mwaka 1909 Thomas Lewis wa London alionyesha wazi kwamba ugonjwa huu si ajabu ya nadra, wengi wanao. Tangu hapo ugonjwa ulikuwa na jina na sura.

Kinini ya mfanyabiashara

Sasa tusikie neno linalotugusa sisi watu wa Kongo. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwendea mganga mkubwa Karel Wenckebach. Moyo wake ulipiga ovyo. Wenckebach alimweleza kwamba hana njia ya kuutuliza. Yule bwana akajibu kwamba yeye anayo: humeza gramu moja ya kinini. Kesho yake alirudi, na mpigo ulikuwa umenyoka!

Ni kinini ileile ya malaria, itokayo katika gome la mti wa kinakina, ambao wakati wa Wabelgiji ulipandwa sana katika milima ya Kivu, na gome lake likatengenezwa dawa kiwandani Bukavu. Mwaka 1918 Walter Frey aligundua kwamba dawa nyingine ya gome hilo, kinidini, inanyosha moyo vizuri zaidi. Waganga wakafurahi. Ilionekana kwamba kazi imekwisha: nyosha mpigo, na mgonjwa amepona.

Lakini mwaka 1990 watu walijumlisha majaribio 6 ya kinidini, yenye wagonjwa 808. Kweli, waliomeza kinidini walidumu na mpigo mzuri kuliko wenzao. Ila waliokufa kati yao walikuwa wengi zaidi. Mshipa ulipendeza, na mtu akazikwa.

Hatari isiyosikika

Basi, hatari kubwa ilikuwa wapi? Maji yanayotiririka hubaki safi. Maji yaliyotuama shimoni huota uchafu. Chumba cha moyo kinachotetemeka bila kukaza ni kama shimo hilo. Damu inatuama, inaganda, inafanya donge. Siku moja donge linatoka, linapanda kichwani na kuziba mshipa. Mtu anaanguka, mdomo unapinda, mkono na mguu wa upande mmoja vinakufa ganzi. Ndicho kiharusi.

Katika mji wa Framingham, Marekani, waganga walianza mwaka 1948 kufuata maisha ya watu zaidi ya 5,000. Mwaka 1978 wakatangaza kwamba mwenye fibrilasyo anapata kiharusi karibu mara 5 kuliko mwingine. Na kama mlango wa moyo upande wa kushoto umebanwa kwa sababu ya rumatisma ya utotoni, ni karibu mara 17. Tujue kwamba rumatisma hiyo huanzia katika maumivu ya koo ya mtoto yasiyotibiwa, na penisilini inaweza kuizuia.

Dawa ya panya yaokoa watu

Dawa ya kuzuia donge ilitoka katika zizi la ng'ombe. Kuanzia miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na Marekani ya kaskazini walikuwa wakivuja damu na kufa baada ya kula majani makavu ya malisho yaliyooza. Mwaka 1933, wakati wa theluji kali, mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri mpaka Madison na ng'ombe aliyekufa, majani yake, na ndoo ya damu isiyoganda. Aliyempokea ni Karl Paul Link, mtaalamu wa kemia. Link na wasaidizi wake walitafuta miaka 6 mpaka wakaikamata sumu yenyewe. Kutokana nayo wakatengeneza warfarini, ambayo mwaka 1948 iliuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ilikubaliwa kuwa dawa ya watu.

Kuna wagonjwa ambao, wakisikia habari hiyo, wanatupa vidonge vyao. Wakumbuke majani ya mama mzee: tofauti ni kipimo. Majaribio yaliyofanywa tangu mwaka 1989 yalionyesha kwamba warfarini inaondoa karibu theluthi mbili za viharusi vya ugonjwa huu. Ikizidi, mtu anavuja damu, ikipungua, haimlindi. Ndiyo maana damu ya anayeimeza lazima ipimwe mara kwa mara.

Kupima njia

Mgonjwa anayepima njia atofautishe maswali matatu. Kwanza, mbio za moyo zizuiwe namna gani? Pili, inafaa kuunyosha mpigo? Siku hizi inawezekana kwa vidonge, au kwa umeme, kama alivyofanya Bernard Lown mwaka 1962, au kwa kuchoma sehemu ndogo karibu na mishipa itokayo mapafuni, kazi iliyofunguliwa na Michel Haïssaguerre huko Bordeaux mwaka 1998. Tatu, damu yangu ilindwe isigande?

Wengi hutumia nguvu zao zote kwa swali la pili, maana moyo unaoruka unaogopesha. Mwaka 2002 jaribio la wagonjwa 4,060 lilionyesha kwamba walionyoshwa mpigo hawakuishi zaidi ya waliopunguziwa mbio tu. Na viharusi vingi, katika makundi yote mawili, viliwapata walioacha warfarini au waliokuwa na kipimo kidogo mno. Walidhani wamepona! Mwaka 2020 jaribio jingine lilionyesha kwamba kunyosha mpigo mapema, mwaka wa kwanza wa ugonjwa, kunasaidia wengi. Lakini karibu wote katika jaribio hilo waliendelea na dawa ya kuzuia donge.

Ziko pia dawa mpya zisizodai kupima damu kila mara. Zinafaa kwa wengi. Lakini kwa wenye mlango wa moyo uliobanwa na rumatisma, jaribio la mwaka 2022, lenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, lilionyesha kwamba wale waliotumia dawa za namna ya warfarini walikufa wachache zaidi. Dawa mpya haimfai kila mtu kwa sababu ni mpya.

Si kila mgonjwa anahitaji dawa ya kuzuia donge. Mganga atatazama umri, tensio, sukari, moyo uliochoka, na kama kiharusi kimekwisha kumpata. Mwenye mlango uliobanwa anaihitaji kwa hakika. Mwanamke mwenye mimba, au anayeitazamia, amwambie mganga mapema, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anayeimeza asiache sombe na lengalenga, bali ale kwa kiasi kilekile kila juma, maana majani hayo yana vitamini inayopunguza nguvu ya dawa. Asimeze aspirini wala dawa ya mizizi bila kuuliza. Akiona mkojo wenye damu au choo cheusi, aende hospitali siku hiyohiyo.

Na ninyi mnaokaa na mgonjwa wa namna hii, msimwulize tu kama moyo umetulia. Mwulizeni pia: Leo umemeza kidonge chako? Damu yako imepimwa lini?