Kadari na Lawama: Funzo kutoka Basra

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Mamia ya watu walipoteza maisha. Matangani yalisikika maneno tunayoyajua sote: ni kudra ya Mungu. Baadaye uchunguzi ulibainisha kwamba chombo kilikuwa kimepakia watu kupita kiasi. Tukabaki na kauli mbili. Ya kwanza inasema Mungu alijua tangu azali kwamba meli itazama. Ya pili inasema kuna watu walioruhusu ing'oe nanga. Je, zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja?

Wengi wetu tumelelewa na neno kadari, lenye shina moja la Kiarabu na kudra na kukadiria. Neno hilo lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita Basra, mji wa kusini mwa Iraki, katika karne ya 7 na ya 8. Huko watu walianza kubishana kuhusu kadari kwa sababu walitaka kujua nani alaumiwe kwa dhuluma waliyoiona.

Watawala wa Bani Umayya walishika ukhalifa mwaka 661, baada ya vita vya Waislamu kwa Waislamu. Mwaka 680, Husein, mjukuu wa Mtume, aliuawa Karbala pamoja na jamaa zake. Katika historia ya Tabari inasimuliwa kwamba mateka walipofikishwa mbele ya gavana Ubaidullah bin Ziyad, yeye alidai kwamba Mungu ndiye aliyemuua Ali, mwana wa Husein. Ndugu wa marehemu akamjibu kwamba waliomuua ni watu. Katika majibizano hayo mafupi mjadala wote umo: mwenye upanga anamtaja Mungu, mfiwa anawataja watu.

Waliofuata njia ya yule mfiwa waliitwa Kadaria. Walifundisha kwamba mja ana uwezo wa kuchagua, hivyo dhuluma ni ya aliyeitenda. Ma'bad al-Juhani aliuawa wakati wa Khalifa Abdulmalik, na Ghaylan wa Damascus aliuawa wakati wa Khalifa Hisham. Hasan al-Basri, mwanazuoni aliyefariki Basra mwaka 728, anahusishwa na barua kwa Abdulmalik inayokataa kumbebesha Mungu maovu ya waja, ingawa wataalamu wengine wana shaka kama aliiandika yeye.

Hata hivyo, tusiseme haraka kwamba kila aliyeamini kadari alikuwa upande wa watawala. Jahm bin Safwan alifundisha kwamba mja hana hiari hata kidogo, na bado alijiunga na uasi dhidi ya Bani Umayya hadi akauawa mwaka 746. Imani moja inaweza kumtuliza mtu mmoja na kumwamsha mwingine.

Baada ya Kadaria walikuja Mu'tazila, ambao Wasil bin Ata wa Basra huhesabiwa mwanzilishi wao. Wao walishikilia uadilifu: Mungu hawezi kumwadhibu mtu kwa tendo asilokuwa na uwezo wa kuliacha. Hoja yao ilikuwa na nguvu hadi ilipofika kwa al-Ash'ari, mwanafunzi wao aliyewaacha mwanzoni mwa karne ya 10. Inasimuliwa kwamba alimuuliza mwalimu wake, al-Jubba'i, habari za ndugu watatu waliofariki: mchamungu, kafiri, na mtoto mdogo. Mtoto akilalamika kwamba hakupewa umri wa kuchuma thawabu, ataambiwa kwamba Mungu alijua angekuja kuasi. Basi kafiri naye atauliza: mbona mimi sikufishwa nikiwa mdogo? Mwalimu akanyamaza. Huenda kisa hiki kilitungwa baadaye, lakini swali lake halijapata jibu jepesi mpaka leo.

Al-Ash'ari alipendekeza njia ya kati: tendo linaumbwa na Mungu, lakini mja ndiye anayelichuma, na kwa kulichuma anawajibika. Maibadhi, ambao madhehebu yao yalikulia Basra hiyohiyo kabla ya kushika Oman, nao walifundisha jambo la karibu na hilo. Hivyo mafundisho ya namna hii yaliufikia mwambao wetu kwa milango miwili: kwa Masunni wa Kishafii na kwa watawala wa Kiomani wa Zanzibar. Na Kiswahili kina kitenzi kinachofaa. Tunasema mtu amejichumia dhambi, na wazee wanatuonya kwamba mchuma janga hula na wa kwao.

Sisi tunaona kwamba kujua si kulazimisha. Nahodha mzoefu anaweza kujua kwamba jahazi lililojazwa mno litapinduka, lakini ujuzi wake haulipindui. Mfano huu una mpaka wake, kwa kuwa nahodha hakuiumba bahari. Hapo ndipo ndugu watatu wa al-Ash'ari wanapotufikisha, na hatudai kuvuka.

Lakini Basra inatupa kipimo cha matumizi ya kila siku: tuangalie nani anayeitaja kadari, na kwa ajili gani. Mama wa Pemba anayesema ni kudra ya Mungu anatafuta nguvu za kuamka kesho. Aliyejaza meli akisema maneno hayohayo, anatafuta kuachiwa. Wa kwanza tumwitikie amina. Wa pili tumuulize alipakia watu wangapi.